Suruali Kumi na Fomu Moja

Nianze na goti, kwa sababu kila anayesimulia habari hii huanza na tovuti, na mimi sitaki. Goti la kulia la dada yangu limekanyaga pedali ya cherehani kwa miaka thelathini na moja. Daktari alilishika kwa mikono miwili, akalikunja, akalikunjua, akalisikiliza linavyolia, kisha akasema, "Mama, humu mfupa unasaga mfupa. Kazi ya kukanyaga iache mwaka huu huu. Ukiendelea, mwakani utaletwa hapa umebebwa." Dada akamshukuru, akarudi dukani, akakaa kwenye cherehani, akamalizia zipu aliyokuwa ameiacha nusu. Nilimpigia kelele mpaka mteja aliyekuwa anajaribu koti akatoka nje nalo.

Mafundi wenzake wanamwita Mama Pedali. Wao waliponunua mota za umeme yeye alikataa, akisema mota inamkimbiza na yeye anataka kuisikia sindano inavyoingia kwenye kitambaa. Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa mabawa mawili, meza ya kukatia iliyoliwa kona, benchi la wateja, na ukuta uliojaa vipimo vya watu vilivyoandikwa kwa chaki. Baadhi ya wenye vipimo hivyo wameshafariki na bado hataki vifutwe. Mimi ni mdogo wake. Kazi yangu pale ni vifungo, pindo, pasi na mdomo. Yeye anashona, mimi nagombana na wateja. Tumegawana hivyo tangu tukiwa watoto na hakuna aliyelalamika.

Tovuti ilizaliwa kutokana na simu. Fundi yeyote aliyevunja sindano kwenye jinzi alikuwa anampigia dada. "Mama, uzi unavurugika kwa chini." "Toa bobini uigeuze, umeivika kinyume." Simu kumi, kumi na tano kwa siku, na yeye anajibu huku anakanyaga. Nikamwambia, "Dada, unatoa koo lako bure. Hebu sema mara moja, niandike, watu wasome." Basi akawa anasema, mimi naandika kwenye simu na kupiga picha za sindano zikiwa zimelala kwenye kiganja chake. Mwenye duka la simu akatufungulia tovuti. Ndani ya mwaka mmoja tulikuwa na wasomaji elfu mbili kwa mwezi, wote mafundi, wote na cherehani iliyokwama mbele yao.

Baadaye duka moja la mtandaoni, linalouza vipuri vya cherehani, likamwandikia. Mpango wao ulikuwa mwepesi: dada akisifu kifaa, anaweka kiungo cha kwendea dukani; msomaji akibonyeza hapo na kununua, duka linampa dada kamisheni yake. Mnunuzi haongezewi hata senti. Dada alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo lililomjengea jina. Hasifu kitu mpaka akishonee suruali kumi. Si tano wala tisa. Anasema suruali ina kila adha: zipu, mifuko, lupu za mkanda, na pale katikati ya miguu ambapo vitambaa vinne vinakutana na sindano inabidi iwe na moyo. Kifaa kikivuka suruali kumi, anaandika, "Nimeshonea suruali kumi," na kiungo kinafuata. Kikifa njiani, anaandika hivyo hivyo: "Suruali ya tatu, kimekatika. Usinunue." Duka liliwahi kumlalamikia kwa hilo. Aliwajibu, "Mkitaka nikisifu, kitengenezeni."

Kamisheni ilikua mpaka ikawa sawa na kushona nusu mwezi. Ndipo tukapanga. Ikiendelea hivyo, kufikia mwisho wa mwaka dada angeweka mshonaji kwenye cherehani, na yeye abaki kupima, kukata na kuandika, ameketi, mguu umenyooka juu ya kigoda. Nilikuwa nimeshakinunua kigoda chenyewe na nimekishonea mto.

Sasa aingie Mkurugenzi.

Ni mdogo wa mume wa dada. Hajawahi kuongoza kitu chochote, hata foleni, ila ana kadi za biashara za aina nne na kila moja ina cheo chake. Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku mbili, akatujia dukani na kompyuta, mkoba mpya wa kitambaa wenye maandishi, na manukato yaliyoshinda harufu ya pasi yangu.

"Shemeji," akamwambia dada, "umekalia mali bila kujua. Watu elfu mbili wanaingia kwako, wanasoma, wanaondoka. Huwajui! Huna hata anwani moja. Weka fomu. Mtu akifungua ukurasa, kwanza aandike imeili yake, ndipo asome. Ukishapata orodha, unawaandikia wewe unapotaka. Pesa iko kwenye orodha."

Dada akatoa pini mdomoni. "Mtu akija hapa suruali imempasukia matakoni, nimuulize kwanza anakaa wapi?"

"Mtandaoni ni tofauti."

"Tofauti vipi? Suruali si bado imepasuka?"

Nilicheka mpaka nikaunguza ukosi wa shati la watu. Lakini jioni yake mume wa dada, ambaye anapima mizigo ghalani na ni mtu wa maneno machache, alisema mdogo wake ana nia njema na amelipia semina kwa pesa yake, asikilizwe. Dada humpa mumewe heshima yake. Akakubali ijaribiwe, na akampa Mkurugenzi neno la siri la tovuti. Hapo ndipo nilipopaswa kujilaza mlangoni, na sikufanya hivyo. Nilikuwa nahesabu vifungo.

Nimtendee haki, ingawa hastahili. Si kila alichosema kilikuwa uongo. Nimeuliza baadaye, na wapo wanaoishi kwa orodha kama hizo: msomaji aliyependa alichosoma anaacha anwani yake kwa hiari, ukipata kitu kizuri unamwarifu, anarudi, ananunua tena. Lakini huyo ni mtu aliyeshahudumiwa. Mkurugenzi aliwakaba watu mlangoni kabla hawajapewa hata maji.

Mwezi wa kwanza kamisheni ilishuka robo. Wa pili ikafika nusu. Wa tatu ikabaki kitu cha kununulia uzi. Kila tukimpigia, Mkurugenzi alitutumia mchoro wenye mstari unaopanda. "Orodha imefika mia sita, shemeji! Mia tisa! Subira kidogo." Dada hakuwa na subira ya kula, alikuwa na nyumba ya kuendesha. Akarudi kushona kutwa nzima. Akachukua oda ya sare za shule, kazi aliyokuwa ameapa kutoigusa tena, na goti likavimba likajaa suruali. Alikuwa anakanyaga kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ameufunga kitambaa, na mshono wake, ambao maisha yake yote ulikuwa umenyooka, ukaanza kwenda upande. Alifumua na kushona upya. Kile kigoda nilikisukuma chini ya meza nisikione.

Simu nazo zilirudi, ila sasa ni za ajabu. "Mama, siku hizi ukurasa wako ni wa kulipia?" "Mama, nimekukosea nini?" Dada anajibu, "Ingieni tu, upo wazi." Na kweli, sisi tukifungua kwenye simu yetu ulifunguka safi, hakuna fomu wala nini. Hatukujua kuwa tovuti iliitambua simu yetu, na mwenye nyumba haulizwi jina. Fomu yenyewe tuliiona siku moja tu, kwenye kompyuta ya Mkurugenzi, imekaa pembeni ndogo na mpole kama bahasha.

Nilijua ukweli kwa muuza vifungo. Nilikwenda kuchukua vifungo vya sare, nikamuuliza kama amesoma makala yetu mpya ya sindano za jinzi. Akakunja uso.

"Siingii huko tena. Mmekuwa na dharau."

"Dharau gani?"

Akafungua ukurasa kwenye simu yake, akanipa. Fomu ilijaa kioo kizima, juu mpaka chini. Huoni sindano, huoni maneno ya dada, huoni hata namba ya simu tuliyoiweka chini ya ukurasa. Kitufe kikubwa cha kijani kilisema, "Ndiyo, nataka kufanikiwa." Chini yake, kwa maandishi madogo ya kijivu, ndipo pa kukatalia. Palisema, "Hapana, napenda kubaki nyuma."

Nilisoma mara tatu. Nikabonyeza kwamba napenda kubaki nyuma, ukurasa ukafunguka, nikashuka mpaka kwenye kiungo cha dukani, na kabla kidole hakijagusa kiungo, fomu ikarudi tena, ikanifunika tena, ikaniuliza tena kama napenda kubaki nyuma.

Damu ilinipanda kichwani. Fikiria fundi wa miaka sitini, sindano imemvunjikia, bi harusi anasubiri gauni lake kwenye benchi. Anafungua ukurasa kwa msaada, na kabla ya msaada anaambiwa akiri kwa kidole chake mwenyewe kwamba yeye ni mtu wa nyuma. Na hiyo imeili anayodaiwa hana! Mafundi wetu wana simu, ndiyo, lakini imeili walifunguliwa na muuza simu siku waliyoinunua, ikaandikwa kwenye boksi, boksi likatupwa. Maisha yao yote ni kupigiana. Mkurugenzi alikuwa amesimamisha mlangoni bawabu anayedai kitu ambacho wanunuzi wetu hawana. Walioweza kupita ni watu wa ofisini waliokuja kuchungulia, na hao hawanunui sindano.

Nilirudi dukani nakimbia, vifungo vinalia mfukoni. Dada alisikiliza, akampigia Mkurugenzi, akamwambia aitoe fomu leo.

"Shemeji, ukiitoa sasa umepoteza kila kitu," akasema. Sauti ilikuwa imewekwa wazi, nilimsikia vizuri. "Ndivyo inavyofanyika dunia nzima. Nipe mwezi mmoja. Nimeshaanza kuwaandikia watu wa orodha, matunda utayaona."

"Basi nipe neno la siri niitoe mwenyewe."

"Nimelibadilisha. Kwa usalama."

Mume wa dada akasema mwezi si mrefu. Nilimwambia mwezi wa mtu anayeketi kwenye mizani si sawa na mwezi wa mtu anayekanyaga, na dada akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza. Sijui kwa nini watu wananiona mkali, maana mara zote nilizotakiwa kuwa mkali nilinyamaza.

Wiki mbili baadaye aliingia fundi wa sare kutoka mji mwingine. Mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi mweusi, amebeba kitu kizito kwenye gunia. Alisimama mlangoni, akauliza, "Mama Pedali ni yupi?"

"Ni mimi, fundi. Karibu ukae."

Hakukaa. Alifungua gunia akaweka juu ya meza ya kukatia kichwa cha cherehani, kipya, chenye maua ya dhahabu ubavuni, kile cha kufunga juu ya meza yako ya pedali. Akazungusha gurudumu kwa mkono. Ndani kulisikika kitu kinachochezacheza kama punje kwenye kopo.

"Suruali ya pili," akasema. "Kimevunjika suruali ya pili. Gia zake ni za plastiki, mama. Nimeuza kichwa changu cha zamani ili nikinunue hiki. Nina sare arobaini za watoto na shule zinafunguliwa Jumatatu. Mimi sikuja kukutukana. Nimekuja uniambie tu, nilikukosea nini?"

"Fundi, mimi kichwa hiki sijawahi kukiona."

Mzee akatoa simu. Mjukuu wake, anayefanya kazi ofisini, ndiye aliyemwandikisha kwenye fomu kwa imeili yake mwenyewe, maana babu alikuwa anausumbukia huo ukurasa wa Mama Pedali. Barua ilipofika, mjukuu akamletea. Dada hakuwa na miwani karibu, nikasoma mimi. "Ndugu fundi, mimi Mama Pedali nimekishonea kichwa hiki suruali kumi na hakijatetereka. Nunua kabla ya Ijumaa."

"Soma tena," dada akasema.

Nikasoma tena.

"Suruali kumi zimeandikwa?"

"Zimeandikwa, dada."

Dada alinyanyuka kwa kushikilia meza, akachechemea mpaka kabatini, akatoa kichwa chake cha akiba, cheusi, kizito, alichokirithi kwa mwalimu wake wa ushonaji. Akakiweka kwenye gunia la mzee. "Nenda kamalize sare za watoto. Hiki nitakitengeneza, nitakuita." Mzee akakipapasa kile kichwa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akabeba gunia, akatoka.

Mimi nilikuwa nalia kwa hasira. Ile barua nilikuwa nimeshajitumia kutoka kwenye simu ya mzee; nilibonyeza kiungo chake, nikampigia mwenye duka la simu anisaidie kuelewa, akaangalia, akasema namba ya kamisheni iliyomo humo si ya dada. Ni ya mtu mwingine. Sikuhitaji kuuliza mtu gani.

Jumamosi mchana dada alimwita Mkurugenzi, akamwambia kuna habari za orodha. Alikuja anatabasamu, koti jipya. Mume wa dada alikuwa kwenye benchi la wateja, amekuja moja kwa moja kutoka ghalani, vumbi la mizigo mabegani. Kile kichwa chenye maua dada alikuwa amekifunga kwenye meza yake ya pedali, gia iliyovunjika ameibadilisha kwa nyingine ya plastiki aliyoiagiza kwenye duka lile lile la mtandaoni. Pembeni kulikuwa na suruali kumi zilizokatwa, zimepangwa, hazijashonwa.

"Kaa, shemeji," akamwambia.

"Hapa?"

"Hapo. Shona."

Mkurugenzi akacheka. Hakuna aliyecheka naye. "Shemeji, mimi si fundi."

"Umewaandikia watu kwa jina langu kwamba kichwa hiki kimeshona suruali kumi. Mimi sijashona. Basi umeshona wewe. Nionyeshe."

"Ile ni lugha ya matangazo tu."

"Ile ni lugha yangu." Dada hajawahi kupaza sauti na hakuipaza hata hapo. "Miaka yote mtu akinisikia nasema suruali kumi, anajua nimekaa hapa nikazishona. Ndicho nilichokuwa nacho. Sina kingine. Shona."

Nadhani alifikiri ni mzaha wa kifamilia utakaoisha. Akakaa. Alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikamtungia mimi, kwa raha. Akakanyaga, pedali ikarudi nyuma, uzi ukakatika. Nikamtungia tena. Akashona paja moja, limepinda kama njia ya ng'ombe, na alipofika pale vitambaa vinne vinapokutana, kichwa kikalia, kikaganda. Ndani kulisikika ile punje kwenye kopo. Suruali ya kwanza, hata haijamalizika. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye kola.

"Wangapi wamenunua?" dada akauliza.

"Kumi na tisa." Kisha akajikakamua. "Lakini orodha ni yangu, shemeji. Akaunti nimefungua mimi, kwa imeili yangu. Tovuti nitakurudishia, orodha nimeitolea jasho."

Nilishika mkasi mkubwa wa kukatia. Sisemi nilitaka kuufanyia nini. Mume wa dada, ambaye kwa miezi minne alikuwa upande wa nia njema, alinyanyuka kutoka kwenye benchi, akaja akasimama nyuma ya mdogo wake.

"Mpe," akasema.

"Kaka, subiri nikueleze..."

"Mpe vyote. Sasa hivi. Na hilo koti litoke mbele ya macho yangu."

Akatoa simu, akampa dada maneno yote ya siri, na mimi nikayaandika ukutani kwa chaki, kati ya vipimo vya watu. Kamisheni zake alisema ameshazitumia. Hajatuletea hata moja mpaka leo, na tukikutana njiani huwa anapokea simu ambayo haijaita.

Tulipoifungua orodha ilikuwa na anwani elfu moja mia moja arobaini na mbili. Nyingi za uongo. Mtu mmoja aliandika mahali pa jina, "Achia nipite." Mwingine aliandika, "Nimevunja sindano, tafadhali." Dada aliomba nilisome hilo la pili mara mbili. Alitaka kujua kama huyo tafadhali alipata kupita. Hatukuwa na namna ya kujua.

Barua aliyowatumia wote ilikuwa fupi. "Mimi Mama Pedali sijakishonea kile kichwa hata suruali moja. Barua ile iliandikwa na mtu wa nyumbani kwangu na aliyempa ufunguo ni mimi. Aliyenunua akilete au akitume, nitamwekea gia za shaba bila malipo." Nilimwambia, "Goti, dada! Nani atakanyaga kuvijaribu?" Akasema, "Wewe andika."

Fomu hakuifuta, na hilo lilinishangaza. Aliishusha chini kabisa, baada ya makala, baada ya kiungo, baada ya namba ya simu. Haifuniki kitu. Inasema, "Kama nilichoandika kimekusaidia na unataka nikuarifu nikijaribu kingine, niachie imeili au namba ya simu. Kama hutaki, kazi njema." Walioandika humo tangu wakati huo ni mia na kitu tu, lakini dada akiwatumia habari, wanasoma, na wengine wananunua. Kamisheni imerudi nusu ya ilivyokuwa. Nusu! Mwisho wa mwaka ulikuja ukapita, na mshonaji hatujaweka.

Vichwa vilikuja kumi na saba kati ya kumi na tisa. Mchonga vyuma wa karibu alitutengenezea gia za shaba, dada akazifunga kwenye kichwa kimoja kimoja. Cha kumi na saba kilipokwisha, mafundi wakaanza kuuliza: sasa kile kichwa, kikiwekewa shaba, kinafaa? Tukinunue? Duka nalo likaahidi kukiuza kikiwa na gia hizo. Hapo kulikuwa na kamisheni ya kweli, pengine ya kutosha kumtoa kwenye pedali. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kufanya kabla ya kuandika.

Kwa kichwa kimojawapo chenye shaba, alianza kuzishona zile suruali kumi zilizokuwa zimekatwa, na iliyopindishwa na Mkurugenzi aliifumua akaianza upya. Siku ya kwanza tatu. Siku ya pili mbili. Siku ya tatu mbili, na alipomaliza ya saba akajaribu kunyanyuka, goti likakataa, akaanguka ubavu kati ya meza na ukuta. Tulimkalisha, mimi na mumewe, tukamnyooshea mguu juu ya kile kigoda. Ulikuwa umevimba hata kitambaa hakikuzunguka. Kichwa kilikuwa hakijatetereka hata kidogo. Zile tatu zilizobaki nilizishona mimi, na mimi ni mtu wa vifungo, mshono wangu si wa kuonyesha watu. Lakini kichwa kilivuka.

Nikachukua simu niandike. Alikuwa amefumba macho. Akasema, "Andika: nimeshonea suruali saba. Goti limekataa. Tatu ameshona mdogo wangu."

"Dada," nikamwambia, "niandike kumi. Kichwa si kimeshona kumi? Nani atajua?"

Akafumbua macho. Aliniangalia vile vile alivyomwangalia Mkurugenzi siku ile nilipokuwa namtungia uzi.

Nikaandika saba.